Chuma cha tatu kutoka chini

Siku chuma cha tatu kilipokatika nilikuwa na pweza wanne kwenye pakacha. Nilipoibuka nimebaki na mmoja, na huyo mmoja alikuwa kanikumbatia shingo. Bahati yangu maji yalikuwa yameshajaa, nikaangukia baharini badala ya miambani. Watoto waliokuwa juu walicheka mpaka wakakaa chini.

Pwani ya kusini ya Unguja, upande wa Mtende na Makunduchi, si mchanga mtupu kama wanavyodhani watu wa mjini. Kuna pahala maweni yanakatika ghafla, na mawimbi yamelila jabali kwa chini hata juu pamebaki mdomo uliochomoza. Hapo petu ni kama mita saba, urefu wa mnazi mchanga. Ule mdomo hupiti kwa ushujaa wa mikono. Wazee walichimbia vipande saba vya nondo, unashika kimoja na kukanyaga kingine mpaka ufike.

Jioni ile barazani kesi ikawa moja: kirudishwe au kisirudishwe? Ami yangu, ambaye kashuka pale tangu hana ndevu, alisema, "Jabali limekikataa. Mwenye miguu atapita, asiye na miguu akanunue pweza sokoni." Vijana wanaotembeza wageni wakataka kinyume chake: ngazi nzima ya chuma, na mkono wa kushikia. Mpwa wangu yeye alitaka tu tuongeze vitatu, kwa sababu miguu yake mifupi.

Mie nikasema kilichovunjika kirudi palepale, basi. Sikuwa na hoja kubwa. Nilikuwa na hasira ya pweza watatu.

Nikenda mjini, duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akanipa nondo, akanipa na rangi ya mafuta, akaniambia, "Paka mikono miwili, utakufa wewe kitabaki chuma." Nikamwamini, maana alisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kupaka. Nikachanganya saruji na mchanga wa papo hapo, na kwa uvivu wa kubeba dumu la maji ya kisima nikachota maji ya bahari. Najua. Usinambie, nishaambiwa. Kaskazi ya pili haijafika, rangi ishafura kama andazi na jiwe la pembeni limepasuka. Nondo ikila kutu inanenepa, ile kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na jiwe letu ni la matumbawe, halina ubavu wa kuizuia. Nikaikanyaga kuijaribu. Ikakatika usawa wa jiwe, kisiki kikabaki ndani.

Nikaingiwa na werevu. Nikachukua mti wa mkoko mkavu, nikauchonga kigingi, nikautia kwenye tundu jipya pembeni kidogo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba maji yakiulowesha utavimba na kujibana wenyewe. Na ukajibana kweli! Wiki tatu nilitembea kijijini kama mhandisi. Nilimpeleka ami makusudi akaone. Akaugusa, akasema "mh". Wiki ya nne kigingi kilivimba zaidi ya mapatano yetu, kikamega kipande cha jiwe cha ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Sasa nina tundu moja lenye kisiki na jengine lililokuwa tundu.

Mwezi ule alifikia kijijini mgeni mmoja ambaye kazi ya moyo wake ni kupanda majabali. Nilimwonesha uharibifu wangu kwa aibu, yeye akakaa chini akanisimulia ugomvi wa wapanda majabali wenzake. Kumbe na wao wana baraza yao. Kuna jabali Marekani, Yosemite, linaitwa El Capitan, limesimama karibu mita 900. Njia nyengine pale hazipandiki kwa vidole, wanapanda kwa kutundika ngazi za utepe kwenye vyuma na kusimama juu yake, hatua kwa hatua. Vyengine vimeachwa ukutani na waliotangulia: boliti nyembamba, na vidonge vya shaba laini vilivyogongwa ndani ya ufa vikiwa na waya. Waya ukikatika, kidonge kinabaki pale kimeziba ufa, na anayekuja nyuma hana pa kutundika. Afanye nini? Mmoja atasema chimbua kidonge, gonga chengine kama kile. Mwengine atatoboa aweke boliti nene, na hapo njia iliyokuwa ya kutetemesha watu imekuwa ngazi ya nyumba. Wa tatu, ami yangu mtupu, atasema acha, apite anayeweza. Akanambia wana jumuiya yao, American Safe Climbing Association, tangu 1998 kazi yao kubadilisha boliti zilizochakaa, na wanajitahidi kung'oa ya zamani ili walitumie tena tundu lile lile. Ukitoboa kando kila inapovunjika, baada ya miaka jabali linakuwa chekeche.

Akatazama kigingi changu kwa upole. Nikaelewa.

Basi ikawa lazima kisiki kitoke. Na kisiki kile nilikisakama kwa saruji yangu mwenyewe! Nikangoja malelezi, kusi imelala, na siku za maji mafu ili wimbi lisinifikie. Kamba ya nailoni nikaifunga kwenye mbuyu, nikakaa juu ya kipande cha ubao kama mtoto kwenye bembea. Kwanza nikajaribu tindo na nyundo. Kila pigo linamega jiwe, kisiki hakitikisiki. Nusu saa, nikaacha kabla sijatengeneza pango.

Fundi milango mmoja aliniazima drili ya betri. Nikatia biti nyembamba ya saruji, nikatoboa vitundu vidogo kukizunguka kisiki, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayetoboa karatasi kwa sindano ili aichane. Betri ikafa mara mbili, mpwa wangu akapanda na kushuka na baiskeli kwenda kuichaji, kila safari ananikumbusha habari ya vile vitatu vyake. Mwisho kisiki kikachomoza vidole viwili. Hapo nikaleta spana ya bomba, mkono wake nikaurefusha kwa kipande cha paipu. Siri ni kutovuta. Unakizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, kama unavyomng'oa jino mtu mzima. Saa nzima hakuna kitu. Halafu kikalia, kile kilio cha mlango wa zamani, kikageuka robo. Nikapiga kelele wakasikia shambani. Kilipochomoka kilichomoka chote, nami nikaruka nyuma na ubao wangu, nikazungushwa hewani, nikarudi nikapigwa mgongo na jabali. Sikuhisi kitu.

Chuma kipya mgeni alitaka kiwe titani. Kwenye majabali ya bahari ya Railay, Thailand, stenlesi iliwakatikia. Chumvi inaipasua kwa ndani, nyufa kama nywele, nje inang'ara, ndipo wakahamia titani inayobandikwa kwa gundi. Nilimuuliza bei, aliponijibu nikamkaribisha chai. Nikaangukia shafti kuukuu ya boti, stenlesi nene kuliko kidole gumba, kwa bei ya samaki wawili watatu wazuri. Nene ikila chumvi inachukua muda, ila naikagua kila bamvua, sijidanganyi. Nikaichonga mitaro kwa grenda ili gundi ipate pa kushika. Gundi ile ya kuchanganya ya vichupa viwili, ilinigharimu kuliko chuma.

Tundu nilitaka nilipanguse kwa kitambaa tu. Mgeni akakataa kata kata: lioshwe maji ya kisima, likauke, lisuguliwe kwa brashi ya chupa, lipulizwe kwa pampu ya baiskeli, lisuguliwe tena. Gundi ikishika vumbi, umebandika chuma kwenye vumbi. Tundu la kigingi nikaliziba kwa chokaa na unga wa jiwe lenyewe.

Siku ya pili nikatundika magunia mawili ya mawe, kisha mpwa juu yake. Hakikutikisika. Akiwa pale pale ananing'inia akauliza, "Mjomba, gundi iliyobaki si inatosha cha nane?" Nikamwambia ikiwa hatoshuka sasa hivi nang'oa na hicho.

Ami alishuka bamvua iliyofuata. Alikikanyaga cha tatu, akapita, hakusema "mh" wala chochote.

Sasa cha tano kimeanza kulia maji mekundu. Kipande cha shafti kimebaki, kiko mvunguni. Gundi nimeikuta imekauka kwenye kichupa.