Prosesa ya Langoni

Ramadhani ya 2021 ilinikuta nyumbani Lamu na mradi wa mwaka wa mwisho ambao haujawahi hata kuwaka. Nilikuwa nimechagua kuunda prosesa ndogo ya RISC-V, ule usanifu wa prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, mwaka 2010, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia bila kulipia leseni. Seti yake ya msingi, RV32I, ina maagizo 40 tu na rejista 32, yaani visanduku vya kuwekea namba, na ya kwanza katika hizo ni sifuri daima, uiandikie usiiandikie. Nilimwambia mhadhiri kwamba kazi hiyo mwanafunzi anaimaliza kwa muhula mmoja, na mpaka leo nasimamia kauli yangu. Prosesa haikunipa taabu. Taabu ilikuwa zana.

Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa laptopu ya kazini kwa shemeji yangu, ya Windows, na nywila ya msimamizi alikuwa nayo mtu wa Mombasa. Habari ya kuweka Linux ndani yake ikaishia hapo. Prosesa yenyewe niliiandika kwa Chisel, lugha inayokaa juu ya Scala, nayo Scala inakaa juu ya Java, na Java haiulizi una mfumo endeshi gani. Upande huo ulikwenda salama: unaandika Chisel, unatoa Verilog, lugha ya kuelezea saketi. Lakini baada ya hapo unahitaji kompaila ya kugeuza programu ya C kuwa maagizo ya RISC-V, na Verilator ya kugeuza ile Verilog kuwa C++ ili prosesa ijaribiwe kabla haijafikiriwa hata kuwa chipu ya silikoni. Hizi ni zana za watu wa Linux. Nilipoteremsha chanzo cha kompaila, yaani msimbo wake kama ulivyoandikwa, git, programu niliyoteremshia, ikanionya kwamba kuna mafaili yamegongana. Kumbe chanzo hicho kimebeba sehemu ya kerneli, yaani kiini, ya Linux, na humo mna faili linaloitwa xt_MARK.h na jingine xt_mark.h. Kwa Linux hayo ni mawili. Kwa Windows ni moja, na la pili likija hulifunika la kwanza. Chanzo ni huria kweli, hakuna mstari niliofichwa, ila walioandika walishakata shauri kwamba msomaji wao ana mashine kama yao. Niliwakasirikia, kisha nikaenda mtaa wa Langoni.

Langoni palikuwa na fundi wa simu aliyetumia Ubuntu 18.04, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Si kwamba alikuwa na itikadi yoyote. Kila mteja alikuja na flashi yenye virusi, na Windows pale dukani haikuwa ikimaliza wiki. "Mdogo wangu," aliniambia, "mchana hii ni ya wateja. Njoo baada ya tarawehe."

Tulianza na njia ya mkato, kompaila iliyokwishajengwa na watu wengine. Ikagoma kwa mstari mmoja: inataka GLIBC_2.29. Glibc ni maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux huiegemea, na ya Ubuntu 18.04 ni 2.27. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani huenda kwenye mpya bila neno. Ya mpya kurudi kwenye ya zamani, haikubali. Hapo ndipo nilipojua kwamba kusema "inafanya kazi kwenye Linux" ni kusema nusu ya habari. Skripti zangu nazo, zilizokuja kwa flashi kutoka kwenye Windows, zilikataa kwa sababu kila mwisho wa mstari Windows iliongeza alama isiyoonekana kwa macho. Hilo lilikuwa dogo, dos2unix ikalimaliza.

Ikabidi tujenge kompaila wenyewe kutoka kwenye chanzo, zaidi ya GB 6 za kuteremsha. Bando la fundi likaishia humo humo, na ujenzi ukaanza. Mistari ilipanda kwenye skrini, feni ya ile kompyuta ikilia, yeye akibadilisha kioo cha simu pembeni. Kabla ya daku umeme ukakatika Lamu nzima.

Umeme uliporudi sikuwa na wasiwasi, kwa sababu make, programu inayosimamia ujenzi, huangalia muda wa kila faili na kuendelea pale ilipoachia. Ila safari hii haikuendelea. Ilionya kwamba kuna hitilafu ya saa, ikajenga faili, kisha ikalijenga tena lile lile. Fundi akaacha simu yake, akasogea, akatazama saa iliyo pembeni ya skrini.

"Saa imelala," akasema. "Betri ya bodi imekufa."

Kompyuta ilikuwa imerudi nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na intaneti ya kuirekebisha, mafaili tuliyoyatengeneza jioni ile yakaonekana yametoka kesho. Kila kipya kilichojengwa kilihesabiwa kuwa ni cha zamani kuliko chanzo chake. Fundi akafungua droo, akachambua kati ya skrubu na vipande vya waya, akatoa betri ya CR2032, akaipachika kwa ncha ya bisibisi, kisha akaiweka saa kwa kutazama simu yake. Sijaona mwongozo wowote wa kompaila unaotaja betri ya shilingi chache kati ya mahitaji.

Mama akapiga simu. "Weye, daku yapoa!" Nikamwambia naja. Sikwenda.

Baada ya alfajiri kompaila ikakamilika, Verilator ikameza prosesa yangu, nami nikaipa programu ya kujumlisha 1 hadi 10. Rejista a0 ikatoa 00000037.

"Thelathini na saba?" fundi akauliza. "Si hamsini na tano?"

"Ndiyo hiyo hamsini na tano. Inahesabu kwa kumi na sita: tatu mara kumi na sita, ongeza saba."

Akahesabu kwa vidole, akaridhika, akanidai pesa ya betri na ya bando.

Nilirudi chuoni na folda nzima kwenye diski. Kompyuta za maabara zilikuwa na CentOS 7, Linux ya aina nyingine, ambayo glibc yake ni 2.17. Mhadhiri akasoma kosa kwenye skrini, akaniuliza kama chanzo ninacho. Nikamwambia ninacho. "Basi jenga tena," akasema, akaenda kufundisha.