Miaka 30 ya nyumba yetu

Shoga yangu mmoja, tuliyebeba boksi pamoja tangu tulipofika Marekani, alikuja kunitembelea hapa Germantown, Maryland, wiki iliyopita. Akapita chumba kwa chumba, akasifia jiko, halafu akauliza: "Ukiuza leo unapata ngapi?" Nikamjibu: bei niliyonunulia, pamoja na nyongeza ya mfumuko wa bei na gharama za maboresho niliyofanya kwa kibali. Basi. Akatikisa kichwa. "Wamekufunga kamba."

Sijafungwa kamba. Nimelifikiria wiki nzima, nami naandika kwa sababu wengi wetu tunaoishi Maryland tunaulizana hilohilo.

Nyumba yangu iko chini ya sheria ya Kaunti ya Montgomery ambayo huku kila mtu anaiita MPDU (Moderately Priced Dwelling Unit), yaani nyumba za bei nafuu. Ilipitishwa 1973, ikaanza kazi 1974. Mkuu wa kaunti wa wakati ule, James Gleason, aliikataa, madiwani wakaipitisha hivyohivyo. Mwanzoni ilisema hivi: ukijenga mtaa wa nyumba 50 au zaidi, asilimia 15 ziwe za watu wa kipato cha kati na cha chini, nawe utaruhusiwa kuongeza nyumba hadi asilimia 20 juu ya idadi ya kawaida ya eneo hilo. Baadaye hesabu zilibadilishwa mara kadhaa, lakini nguvu ya sheria iko pale kwenye ile nyongeza. Jirani zetu wa Fairfax, ng'ambo ya mto Potomac, walitangulia 1971 na sheria ya kumtaka mjenzi atoe nyumba kama hizo bila kumpa chochote. Mahakama kuu ya Virginia ikaifuta 1973.

Mimi nilihudhuria madarasa yote ya wanunuzi, nikapeleka makaratasi ya kodi na ya mshahara, nikasubiri droo. Anayeishi au kufanya kazi ndani ya kaunti anaongezewa pointi, na mimi nilikuwa na zote mbili, maana wazee ninaowahudumia usiku wako Rockville. Jina langu lilipotoka nilikuwa zamu. Nilienda kulia chumba cha kufulia mashuka.

Nyumba ni nyembamba. Sebule naimaliza kwa hatua saba. Wenzangu wa mstari wa mbele wana matofali mekundu na gereji, mimi nina ubao wa plastiki na nafasi moja ya gari. Lakini masanduku ya barua ya mtaa mzima yako kwenye kabati moja la chuma pale kwenye kona, langu katikati ya la daktari wa meno na la fundi umeme, na watoto wanapanda basi moja la shule. Nilipoliona kabati lile nilikumbuka Magomeni. Tulipanga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mwenye nyumba chumba cha mbele, kisha mwalimu, fundi cherehani, mama wa vitumbua, na bomba moja la maji uani. Hakuna aliyeniambia kwamba ule ni mpango wa makazi.

Kuhusu shule nina ushahidi. Shirika la nyumba la kaunti linaruhusiwa kununua hadi theluthi moja ya nyumba hizi na kuwapangisha familia maskini zaidi. Mwaka 2010 mtafiti Heather Schwartz alitoa matokeo ya kufuatilia watoto wapatao 850 wa familia hizo. Waliopangiwa, kwa bahati tu, mitaa yenye shule zisizo na maskini wengi, hadi wanamaliza shule ya msingi walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo la hesabu kati yao na watoto wa wenye uwezo. Wale wa shule nyingine hawakufika hapo, ingawa shule zao ziliongezewa fedha. Binti yangu yuko darasa la pili.

Sasa hiyo kamba. Zamani bei ilidhibitiwa miaka mitano tu, baadaye 10. Zaidi ya nyumba 11,000 zilijengwa, na nyingi zikaponyoka kwenda bei ya soko. Mama mmoja wa Kijamaika tunayefanya naye kazi alinunua ya kwake miaka ya themanini, muda ukaisha, akauza vizuri. Simlaumu hata kidogo. Binti yake leo ni muuguzi msaidizi kama sisi, na anaendesha gari kutoka Hagerstown, mji wa mbali, kila alfajiri kwa sababu hakuna anachoweza kulipia karibu na mama yake. Mwaka 2005 kaunti ikaongeza muda hadi miaka 30 kwa nyumba za kuuzwa na 99 kwa za kupanga. Nikiuza kabla ya hapo, kwa atakayenunua miaka 30 inaanza kuhesabiwa upya. Ni sawa kabisa. Nyumba niliyoipata kwa sababu mtu mwingine alibanwa, siwezi kugeuka niiuze kana kwamba niliijenga kwa mikono yangu.

Kinachoniuma ni ada ya umoja wa wakazi. Inapanda karibu kila mwaka, na nyongeza hiyo haiangalii nani ana kipato gani. Hapo kaunti inapaswa kuingilia.

Shoga yangu alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaniuliza yale madarasa hufanyika lini. Nikamwandikia orodha ya makaratasi nyuma ya bahasha, akaikunja akaitia ndani ya pasipoti yake.