Alama Zilizoshuka

Nilipopewa kazi ya kutathmini kikundi cha maigizo cha mtaani, nilijiona nimejiandaa vya kutosha. Nilikuwa nimesoma utafiti wa François Matarasso, uliotoka Uingereza mwaka 1997 na kutaja athari 50 za kijamii za kushiriki sanaa, pamoja na ukosoaji wa Paola Merli wa mwaka 2002, aliyelalamika kwamba hapakuwa na vipimo vya kabla na baada wala kundi la wasioshiriki la kulinganishia. Kosa hilo sikukusudia kulirudia. Ningewauliza wanakikundi mwanzo na mwisho kwa dodoso la Warwick-Edinburgh la kupima ustawi wa akili, lenye kauli 14 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja ikipewa alama 1 hadi 5, hivyo jumla ya chini ni 14 na ya juu ni 70. (Kundi la kulinganishia sikulipata, na upungufu huo niliumaliza kwa sentensi moja.)

Miezi sita baadaye nilikaa na mama mmoja aliyeigiza hakimu, nikimsomea kauli moja moja naye akijibu bila haraka, kidole chake kikifuata mstari ingawa msomaji nilikuwa mimi. Nilipojumlisha, alama zake zilikuwa zimeshuka kutoka 61 hadi 52. Nilishangaa, kwa kuwa huyu ndiye aliyekuwa akifungua ukumbi na kuwafuata nyumbani waliokosa mazoezi. Nikakiuka utaratibu, nikamwonyesha karatasi zote mbili.

Alizitazama, akacheka kidogo. "Mwanangu, siku ile nilikuwa sikujui. Ningekuambiaje kwamba silali? Nilidhani mkijua nina matatizo mtaniondoa."

Usiku huo nilizirudia takwimu zote. Wastani wa kikundi ulikuwa umepanda, lakini waliojaza dodoso la pili walikuwa wale waliobaki tu. Waliokata tamaa njiani waliondoka na majibu yao. Kwa hiyo kupanda kwa wengine kungeweza kuwa kazi ya mchujo, na kushuka kwa yule mama kukawa ndiyo dalili pekee niliyoiamini kwamba kikundi kilikuwa kimemfanyia jambo.

Mfadhili alitaka grafu moja. Nilimpelekea wastani kama ulivyokuwa, na maneno ya yule mama nikayaweka kwenye kiambatisho cha pili, ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.