Uchungu umeisha lakini mguu haujapona

Ni wiki ya sita sasa tangu niteguke kifundo cha mguu kule msitu wa Karura, nilikuwa nateremka kwa mbio nikakanyaga mzizi, mguu ukapindukia ndani na nikasikia kabisa kitu kikilia tak. Nina miaka 38 na hii ni mara ya tatu, mguu ni ule ule.

Zile mara mbili za kwanza nilienda kukandwa siku hiyo hiyo, maji moto na chumvi, kidole gumba kinazama kwa uvimbe mpaka machozi yanatoka, baada ya wiki mbili hakuna uchungu basi narudi uwanjani. Safari hii nilienda kwa fizio, yule mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Alibonyeza mfupa pande zote mbili za kifundo, akaniambia nitembee hatua nne, nikatembea nikichechemea, akasema kwa vile mfupa hauumi na hatua nne nimeziweza hakuna haja ya eksrei. Pia akasema hizo siku za kwanza kukandwa na joto huongeza uvimbe tu.

Sasa kitu ambacho sikuwa najua, zile kano za upande wa nje husaidia kuambia ubongo mguu umekaa vipi, zikivutika habari inafika imechelewa, ushapinduka tena. Wiki ya tatu hivi, sisikii uchungu hata kidogo, akaniambia vua viatu simama na mguu mmoja ufunge macho. Mguu mzima ulifika sekunde 30. Huu mwingine 4! Nikajaribu tena macho wazi nikitazama chini, mishipa ya juu ya mguu ilikuwa inatetemeka na vidole vimeng'ang'ania sakafu kama vinaogopa.

Na kumbe hivyo ndo nimekuwa nikicheza mpira miaka yote hiyo.

Kwa hivyo sai nikipiga mswaki nasimama na mguu huo mmoja. Nilipata tiubu kuukuu kwa fundi wa baiskeli, naifunga kwa mguu wa meza nasukuma wayo kwenda nje, kurudi ni polepole sana, hapo kwa kurudi ndo kazi iko. Jioni napanda na kushuka kwa vidole kwenye ngazi za ploti. Kuruka nimeanza juzi tu.

Jumapili kijana wa timu yetu aliteguka, nikamkuta anatafutiwa boda apelekwe kukandwa. Nilimkalisha, nikamwekea barafu imefungwa kwa taulo, nikamwambia kesho twende kwa fizio pamoja. Amekubali.