Nimerudi L'shi baada ya miaka 11, wakanipa kesi ya mdogo wangu

Nimefika Lubumbashi, kwetu Kongo, Alhamisi usiku, miaka 11 sijakanyaga hapa, siku tatu kwenye basi toka Johannesburg magoti yamevimba, halafu pale mpakani Kasumbalesa tukakalishwa juani karibu mchana mzima, wanaoijua ile foleni ya malori ya shaba wananielewa. Kutoka pale mpaka mjini ni kama kilomita 90 na mi nililia njia nzima, sioni aibu kusema. Asubuhi nikaona ile shemine (bomba la moshi) ndefu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na terril yake nyeusi pembeni, ule mlima wa mabaki ya madini, nikasema basi, sasa niko kwetu.

Kupumzika sikupewa. Ijumaa watu wa kusalimia, Jumamosi bukari (ugali) na matamba (kisamvu) na samaki ya tomson mpaka nikafungua mkanda, Jumapili tumetoka misa papa, yaani baba yetu, ananiita nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, nafika nakuta viti vimeshapangwa, papa, mama, mashangazi wawili na mjomba mmoja ambaye hata sikujua bado anatembea. Na mdogo wangu wa kike kakaa juu ya bidoni, kainamisha kichwa. Nikajua hapa kuna kesi na mi ndo hakimu, yaani kwa vile ndo mkubwa wao na nimetoka mbali basi eti nitasikilizwa.

Kesi yenyewe: ameolewa 2021 (harusi niliiona kwenye simu tu), hana mtoto. Na siyo kwamba amekosa, wamekubaliana na mume wake wangoje kwanza. Hapo ndo moto uliwaka. Angekuwa mgonjwa wangelia naye. Shangazi mmoja alishampeleka mara mbili kwenye kanisa lake, pasta akafunga siku tatu kuombea tumbo ambalo mwenyewe amelifunga kwa sindano ya miezi mitatu mitatu, mdogo wangu aliponisimulia nilicheka mpaka akanipiga na sandali.

Shangazi ndo alianza. "Miaka ine! Mpaka leo banamuitaka na jina yake, hata ku soko! Na bale ba kwa bwana yake balitoa mahari, siku banauliza tutabajibu nini?" Kwa watu wa mbali nieleze, kwetu mwanamke akishazaa jina lake linalala, anakuwa Mama wa fulani, sasa mdogo wangu anaitwa vilevile alivyoitwa akiwa na miaka kumi, na nyie mnaweza kuona ni kitu kidogo lakini kwa shangazi ni kama mtu anatembea bila viatu.

Papa akaingia: "Mi nilizala munane. Munane! Hakuna mwenye alilala njala. Mutoto anakuyaka na riziki yake."

Mdogo wangu hakuinua hata kichwa. "Papa, riziki yetu ilikuwa inakuyaka na kamyo (lori) ya Gécamines."

Jamani. Mjomba alianza kukohoa.

Ila mwenye amekulia kambi ya wafanyakazi anajua hakusema uongo. Kambo wetu, yaani babu, alikuja hapa kwa kazi ya Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji, na toka mwisho wa miaka ya 1920 ile kampuni ilikuwa imeshaona kuleta wanaume peke yao kila mara ni hasara, wanachoka wanarudi vijijini, kwa hiyo ikaamua mfanyakazi akae na mke na watoto, zikajengwa nyumba, maternite, shule, mtoto akizaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho huyo. 1967 serikali ikaichukua, jina likabadilika, mwishowe likawa Gécamines, unga ukaendelea. Mi mwenyewe nakumbuka papa anarudi na bunga mgongoni, na bunga ilikuwa inafuata idadi ya watoto walioandikishwa. Shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Mama alipopata wa saba hakukaa chini kupiga hesabu, hesabu ilikuwa inapigwa ofisini.

Sasa huyu mdogo wangu hesabu anaipiga mwenyewe. Mume wake yuko Kolwezi, kilomita kama 300, kwenye kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa, kontra ya miezi sita sita, wiki tatu huko wiki moja hapa. Nyumba ya kupanga, garanti unalipa kwa dola kabla hujaona ufunguo. Mjomba akasema lakini shule ya msingi si ni bure toka 2019, akasahau anaongea na mwalimu. "Kwangu mu klasi niko nabo 84, mjomba. Mutoto yangu mi nitamuweka wapi, wa 85?"

Nikadhani papa ameshindwa. Bado. Papa ni mmoja wa wale 10,655 waliotoka Gécamines 2003 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, pesa alinunua Corolla ya zamani afanye taksi, haikumaliza miaka miwili. Akatuangalia mmoja mmoja. "Kisha ile motoka kufa, nani alinilisha? Ni nyinyi. Bale benye balizala babili, wende ubaone vile banaishi."

Hapo wote wakanigeukia mi, hakimu. Nikasema nitaongea na dada yangu peke yetu. Woga tu.

Kwa sababu ile "nyinyi" ya papa kwa sehemu kubwa ni mimi. Kila tarehe 5 natuma pesa, toka nipate kazi ya kulinda geti. Na mi na mke wangu tuna mtoto mmoja, ana miaka saba, watu tunawaambia Mungu hajajalia mwingine. Mungu hausiki. Tulikaa mezani usiku mmoja na karatasi, tukaona wa pili na Lubumbashi haviingii kwenye mshahara mmoja.

Jioni nikamsindikiza mdogo wangu barabarani nikamwambia. Alisimama. "Yaya (kaka), na pale ulinyamaza?" Ningesema nini, kwamba dawa zako za presha papa ndo mtoto wangu wa pili? Hakujibu, akanishika mkono tukaenda hivyo mpaka kwenye taksi, mara ya mwisho tulishikana mikono alikuwa anavaa yunifomu.

Mama yeye kikaoni hakufungua mdomo. Kesho yake anatwanga matamba akaniuliza tu, mdogo wako anakulaka vizuri kule kwake?

Jumatano napanda basi. Papa kila asubuhi ananiuliza kama nimeongea naye. Namjibu ndiyo papa, tumeongea sana.