Kipenga cha Chuma

Kipenga kile nilikinunua Tanga, enzi nikichezesha mechi za mchangani, na nilipohamia Kanada nilikuja nacho mfukoni. Kilikuwa cha chuma, kizito, chenye kigololi ndani. Sauti yake ilimsimamisha hata winga aliyekwisha kumtoka beki.

Jumamosi moja ya Januari, pembezoni mwa Toronto, niliombwa nichezeshe watoto wa mtaani kwetu hoki ya barafuni. Refa wao alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na misimu mitatu tu ya kujifunza kuteleza, lakini mwanangu wa miaka minane alikuwa anacheza, nami kazi ya urefa naipenda tangu ujana. Uwanja ulikuwa wa wazi, maji yaliyomwagwa bustanini yakaganda. Baridi ilifika nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nikapuliza. Kikalia vizuri. Nilipotaka kukiondoa mdomoni, hakikutoka. Mate yalikuwa yameganda kati ya chuma na mdomo wa chini. Nikavuta kidogo, ngozi ikafuata. Watoto walisimama wananitazama, mvuke unawatoka puani, hakuna aliyecheka.

Mshika saa wetu alikuwa mzee aliyechezesha hoki miaka mingi. Akaja taratibu juu ya barafu, akanishika kidevu kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. "Usivute," akasema. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akasubiri ipoe, akaidondosha tone kwa tone pale chuma kilipogusana na nyama. Kikaachia. Nikaonja damu na sukari kwa pamoja.

Akanipa kipenga chake cha plastiki, akanieleza kwamba marefa wa zamani wa mchezo huu walitembea na kengele ya mkononi kwa kuikwepa shida hiyo hiyo.

Nikainama, nikakiweka kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinachopigwa kwa magongo, juu ya barafu, katikati ya watoto wawili. Kabla sijanyanyuka, magongo yao yalinipiga vidoleni na kwenye ugoko. Mzee akapaza sauti kutoka pembeni: "Kidondoshe! Fanya kama Waghorne!"

Nikasimama wima, nikakiachia kutoka juu, nikarudi nyuma. Mechi ikaenda.

Baadaye, kibandani, huku nikijipaka mafuta mdomoni, nikamuuliza Waghorne ni nani. Akasimulia kama anayemtaja babu yake. Fred Waghorne alizaliwa Tunbridge Wells, Uingereza, mwaka 1866, akaja Kanada na kuchezesha zaidi ya mechi 2,000 za hoki. Wakati wake refa alikiweka kisahani kwa mkono kati ya wachezaji wawili, kisha akahangaika kujinusuru na magongo. Kusini magharibi mwa Ontario, karibu mwaka 1900, yeye akaanza kusimama kando na kukidondosha. Hivyo ndivyo mchezo unavyoanzishwa hadi leo. Alifariki mwaka 1956, na mwaka 1961 jina lake likaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Hoki.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kisa cha pili. Zamani visahani vingine viliundwa kwa vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi. Siku moja kimoja kikagonga mwamba wa goli, kikapasuka, nusu ikaingia na nusu ikabaki nje. Waliofunga wakadai goli lao. Waghorne akalikataa: kanuni inataka kisahani chenye unene wa inchi moja, na kilichoingia hakikuwa na unene huo, kwa hiyo hicho hakikuwa kisahani.

Mtu ambaye hajawahi kusimama katikati ya uwanja, umati ukimzomea, hawezi kujua jambo hili lina uzito gani. Nimewahi kutoa maamuzi Tanga huku nikizitazama kwanza nyuso za watu, na mpaka leo yananiuma. Yule bwana alitazama kipande na kanuni, basi. Visahani vikaja kutengenezwa kwa kipande kimoja.

Njiani kurudi nyumbani nilimhadithia mwanangu, nikiongea polepole kwa sababu ya mdomo. Alinyamaza kitambo, magongo yakigongana kwenye buti la gari.

"Baba," akasema, "na ile nusu iliyobaki nje, waliiacha waendelee kuichezea?"