Jinsi nilivyowahi kulipa mishahara ya Aprili 2022 kabla benki hazijafungwa kwa mazishi ya Rais Kibaki

Kila anapofariki kiongozi mkuu na taifa likatangaziwa maombolezo, sisi tunaotunza hesabu za kampuni ndogondogo huulizana jambo lilelile: je, benki zinaruhusiwa kufunga, na zikifunga, pesa za watu zitapitia wapi? Kazi yangu ni kulipa mishahara katika karakana ya samani hapa Changamwe, Mombasa, na swali hilo lilinifika mezani kwa uzito wake wote mwezi wa Aprili 2022. Naeleza nilivyolishughulikia kwa sababu majibu niliyoyahitaji wakati ule hayakuwa mahali pamoja, na kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mfanyakazi hapaswi kukaa bila haki yake kwa kuwa tu nchi ina msiba.

Rais wa tatu wa Kenya, Mwai Kibaki, alifariki dunia tarehe 21 Aprili mwaka huo, na siku iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta alilitangazia taifa habari hiyo na kuagiza maombolezo ya kitaifa, bendera zikipepea nusu mlingoti hadi siku ya mazishi. Wenzangu wengi walidhani kwamba tangu saa ile shughuli za benki zingesimama. Hazikusimama. Jumatatu tarehe 25, mwili wa marehemu ulipopelekwa katika majengo ya Bunge ili wananchi wautolee heshima za mwisho, mimi nilikuwa kwenye foleni ya benki kama kawaida, hundi za wateja mkononi, na keshia alizipokea na kuzigonga muhuri wa tarehe ileile. Agizo la maombolezo linahusu bendera, heshima na taratibu za serikali. Halimwondolei mwenye benki wajibu wake kwa mteja, wala halimsimamishi mdai wala mdaiwa.

Kinachoigusa benki ni tangazo la pili, ambalo huja kando na lile la maombolezo, nalo ni tangazo la sikukuu ya umma. Kwetu Kenya jambo hili liko chini ya Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, ambayo inampa waziri mamlaka ya kuitangaza siku yoyote kuwa ya mapumziko kwa kuichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali. Siku chache baada ya msiba, Ijumaa tarehe 29 Aprili ilitangazwa kuwa siku ya mapumziko kwa ajili ya ibada ya kitaifa katika Uwanja wa Nyayo, na mazishi yakapangwa kufanyika Othaya kesho yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama benki zinaweza kufunga siku ya maombolezo, nami humuuliza kwanza: siku hiyo imechapishwa katika Gazeti Rasmi, au ni agizo la bendera tu? Imechapishwa, benki ina msingi wa kufunga na malipo yanayopitia mfumo wa kubadilishana malipo kati ya benki na benki husimama. Haikuchapishwa, siku hiyo ni ya kazi kama siku nyingine, hata kama mioyo ni mizito.

Nilipoliona tangazo nilifungua kalenda, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Ijumaa ilikuwa ya maombolezo. Jumamosi tarehe 30 haikuwa sikukuu, lakini mfumo wa kubadilishana malipo kati ya benki, ambao ndio tunaoutumia kwa mishahara, haufanyi kazi Jumamosi. Jumapili ilikuwa Mei Mosi, Sikukuu ya Wafanyakazi, na kwa mujibu wa sheria hiyohiyo sikukuu inayoangukia Jumapili huhamia Jumatatu. Jumanne tarehe 3 Mei nayo ikatengwa kwa ajili ya Idd-ul-Fitr. Yaani fedha ambayo isingetoka kwetu kufikia Alhamisi tarehe 28 ingemfikia mwenye akaunti katika benki nyingine Jumatano tarehe 4 Mei, Idd ikiwa imekwisha kupita. Karakana yetu ina mafundi wengi Waislamu, na hakuna mzazi wa Kiislamu hapa pwani asiyejua maana ya kuifikia Idd huku watoto hawana nguo na nyumba haina cha kupika. Mwezi huo mshahara ulikuwa na siku moja tu ya kuwa na maana kamili, nayo ilikuwa kabla ya siku yake ya kawaida.

Fundi mmoja mtu mzima, ambaye sote humwita mzee wetu, alisimama mlangoni pangu jioni baada ya kufuturu akaniuliza kwa upole, «Mwanangu, hii ya mwezi huu itatoka kabla ya Idd?» Nilimjibu, «Mzee wangu, sitaki kukupa ahadi ya mdomo. Niache nizungumze na benki na mwenye kazi, kesho inshallah utapata neno la kushika.» Alinishukuru akaenda zake kuswali tarawehe. Usiku ule sikulala kabla ya kuandika barua kwa benki.

Barua hiyo ndiyo iliyookoa mambo, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Mtu akipiga simu na kuuliza kama tawi litafunguliwa, hujibiwa ndiyo au la, na jibu hilo halimsaidii mlipaji wa mishahara hata kidogo. Mlango wa tawi ni jambo moja na safari ya pesa ni jambo jingine. Niliuliza mambo niliyotaka yajibiwe kwa maandishi: saa ya mwisho ya kupokea faili ya mishahara, yaani orodha ya malipo tunayoituma benki, siku ya Alhamisi ni ipi, faili ikipokewa baada ya saa hiyo, itakatwa kwenye akaunti yetu lini na kumfikia mfanyakazi lini, wenye akaunti katika benki yetu na wenye akaunti katika benki nyingine wanatofautianaje, na hundi tutakayoiweka Jumatano itaiva, yaani pesa zake kuweza kutumika, siku gani. Majibu yalikuja asubuhi iliyofuata, nayo yalikuwa wazi. Wenye akaunti katika benki ileile wangepata pesa zao papo hapo, hata siku ya sikukuu. Wa benki nyingine wangepitia mfumo wa kubadilishana malipo, ambao hufuata siku za kazi peke yake, na faili yao ilipaswa kufika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Tawi lingefunguliwa Jumamosi hadi saa sita mchana, lakini malipo ya kwenda benki nyingine yangelala hapo hadi Jumatano. Tawi wazi, pesa imelala: watu wengi hawaujui ukweli huo mpaka siku unapowafika.

Nikiwa na majibu hayo nilimwendea mwenye kazi. Yeye ni mtu mwema, ila ana tabia ya kungoja mwisho wa mwezi uishe kabisa ndipo aidhinishe malipo, na kwa kawaida simlaumu, kwa sababu wateja wetu wakubwa ni hoteli ambazo nazo hulipa mwishoni. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara ulipwe siku ya kazi na katika saa za kazi, na kwamba siku ya kazi ya mwisho mwezi huo ilikuwa Alhamisi. Kisha nikamwonyesha kalenda. Alikubali tulipe Jumatano tarehe 27, ili kama kungekuwa na faili ya kurudishwa kwa kosa la nambari ya akaunti, Alhamisi ibaki ya kusahihisha.

Kulikuwa bado na tatizo la salio. Hoteli moja ilikuwa na deni letu la viti na makabati, na desturi yao ni kutoa hundi, nayo huhitaji siku ya kazi ya kuiva hata katika juma lisilo na msiba. Nilimpigia mhasibu wao, dada ninayeheshimiana naye sana, nikamweleza hali ya mafundi wetu pasipo kumficha chochote, nikamwomba atume fedha moja kwa moja kwenye akaunti badala ya hundi. Alinielewa mara moja kwa sababu naye alikuwa akikabili kalenda ileile. Fedha ziliingia Jumanne alasiri. Nawashauri wote wanaolipa mishahara wawe na mtu wa namna hiyo upande wa pili, wala wasingoje msiba ndipo wajuane.

Vibarua tunawalipa kwa M-Pesa, na hapa kuna jambo ambalo nimeona likiwaponza hata watu wenye uzoefu. Husemwa kwamba simu haina sikukuu, na ni kweli kwamba M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi usiku na mchana. Lakini akaunti ya kampuni ya kulipia watu wengi kwa pamoja hujazwa kutoka benki. Benki ikisimama kabla hujaijaza, simu yako iko hai lakini haina cha kutuma. Zaidi ya hapo, wakati ule kiwango cha juu cha muamala mmoja kilikuwa shilingi 150,000 na salio la juu la mtu lilikuwa shilingi 300,000, kwa hiyo mwenye kutaka kupitisha fedha nyingi kupitia simu yake binafsi asingefika mbali. Niliijaza akaunti hiyo Jumatano asubuhi kabla ya jambo lingine lolote.

Upande wa kutoa pesa nao haukuwa mwepesi. Wakala wa mtaani hupata noti zake benki kama mtu mwingine yeyote, na sikukuu zikifuatana, noti humwishia ilhali salio la kwenye simu yake limejaa. Niliwaambia vibarua na mafundi wote wanaotegemea wakala watoe sehemu ya matumizi ya Idd mapema, Alhamisi au Ijumaa asubuhi, wala wasingoje usiku wa kuandama mwezi. Waliosikia walikwenda sokoni Marikiti wakiwa na pesa taslimu. Wengine walikuja kunisimulia baadaye jinsi walivyozunguka kutoka kibanda hadi kibanda.

Faili ya mishahara ilipita Jumatano mchana. Malipo mawili yalirudi kwa sababu wafanyakazi hao walikuwa wamebadilisha benki bila kutujulisha, nasi tukayasahihisha Alhamisi kabla ya saa ya mwisho. Mzee wetu alipata ujumbe wa benki akiwa kazini, akaja kuninyooshea simu nisome mwenyewe, kwa kuwa miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani.

Tangu wakati huo nimelifuatilia suala hili hata katika nchi nyingine, na nimeona kwamba tofauti kati ya kuomboleza na kufunga benki haiko Kenya pekee. Waingereza walitunga sheria ya sikukuu za benki mwaka 1871, na moyo wa sheria hiyo ulikuwa malipo: deni lililoangukia siku ya sikukuu lililipwa siku inayofuata, ili mtu asihesabiwe kuwa amekosa kulipa ilhali benki imefungwa. Alipozikwa Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 19 Septemba 2022, siku hiyo ilitangazwa kuwa sikukuu ya benki. Marekani walifuata njia nyingine. Rais wa zamani Jimmy Carter alipoombolezwa kitaifa tarehe 9 Januari 2025, ofisi nyingi za serikali kuu na masoko ya hisa ya New York yalifungwa, lakini Benki Kuu yao iliendelea na huduma za malipo kama siku yoyote, kama ilivyofanya pia tarehe 5 Desemba 2018 katika maombolezo ya Rais George H. W. Bush. Mimi naona huo ndio utaratibu bora zaidi. Wahudumu wa matawi wana haki ya kumwombolezea kiongozi wao, na siwezi kumlaumu meneja anayefunga mlango ili wafanyakazi wake waende ibadani. Lakini mifumo inayosafirisha fedha kati ya benki haihitaji keshia dirishani, na sioni heshima gani anaongezewa marehemu kwa mshahara wa seremala kukwama njiani.

Nilipata kuyatumia haya tena Oktoba 2025. Waziri Mkuu wa zamani Raila Odinga alifariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba, yakatangazwa maombolezo ya siku saba, na Ijumaa tarehe 17 ikawa siku ya mapumziko kwa ibada ya kitaifa. Jumatatu iliyofuata, tarehe 20, ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa, na tarehe 20 ndiyo siku ya mwisho ya kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya mwezi uliotangulia. Safari hii tangazo na siku yenyewe vilikaribiana sana, hapakuwa na nafasi ya barua ya kungoja majibu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 ilipotungwa iliweka kanuni kwamba siku ya mwisho ikiangukia sikukuu hurudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia, kinyume kabisa na desturi ile ya 1871 ya kusogea mbele, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nilitengeneza hati ya malipo ya kodi mara niliposikia habari ya msiba, nikamwomba mwenye kazi aidhinishe siku ileile, na Alhamisi tarehe 16 stakabadhi ilikuwa kwenye jalada. Kisha nikawaandikia mafundi wote ujumbe mmoja: Ijumaa hakuna kazi, malipo ya kwenda benki nyingine yatapita tena Jumanne, mwenye haja ya pesa taslimu azitoe leo.